Siku Uliyosema Babu Ananuka

Rehema mwanangu,

Salamu tulishapeana asubuhi ulipopanda gari la Newala kwenda kumuaga bibi yako, kwa hiyo hapa sizirudii. Mambo ya sabuni, ya chandarua na ya kutoazima watu nguo zako nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, basi, nimesikia." Haya, basi. Begi lako liko karibu na mlango, nimelifunga kwa kamba ya kijani kwa sababu zipu imegoma. Mimi nimekaa mezani na daftari, jua bado kali, na nina mpaka jioni utakaporudi ili niseme jambo moja nililolikalia miaka kumi na moja.

Ni la Babu Mathayo.

Wewe unajua alikufa kwa uzee na kiharusi. Ndivyo tulivyowaambia watu, na ndivyo nilivyokuambia wewe ukiwa na miaka tisa, ukalia hadi ukalala na sare za shule. Si kweli. Babu yako aliuawa na kidonda cha mgongoni, na kidonda kile nilikilea mimi. Sasa usiruke kurasa. Nakujua, ukianza kulia unaruka kurasa.

Ningeweza kunyamaza tu. Kesho unapanda basi, unakwenda chuo kusomea kutunza wazee, na juzi mbele ya ukoo mzima ulisimama ukasema, "Nataka kuwa kama mama." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaingia ndani nikajifanya natafuta vikombe. Kama mama yupi, Rehema? Ukijifunza kazi hii kwa kunitazama mimi ulivyoniona, utaua mtu. Nasema hivyohivyo, sitafuti neno laini.

Nianze na semina, maana kila kitu kilianza na kile cheti. Makao ya wazee ninakofanya kazi yalinipeleka semina hapa mjini Masasi siku tatu. Ukumbi mmoja, feni moja, chai na maandazi saa nne. Mwezeshaji alikuwa muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuja na mwanasesere wa plastiki mkubwa kama mtu mzima, akamlaza mezani, akatufundisha kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza: mkono begani, mkono nyongani, moja, mbili, tatu. Kila baada ya saa mbili. Ukigeuza, funua. Ukifunua, tazama mgongo, makalio, visigino. Ngozi ikibadilika rangi, sema siku hiyohiyo. Alilirudia hilo mpaka tukawa tunalisema naye.

Nilikuwa hodari, nisijinyime. Nilimgeuza yule mwanasesere mpaka mwezeshaji akasema, "Huyu mama aje mbele awaonyeshe wenzake." Nikapewa cheti, na karatasi nyingine ya kusema naweza kuwafundisha wahudumu wengine. Cheti ndicho kile kilichokuwa ukutani juu ya redio, ambacho wewe ulikifuta vumbi kila Jumamosi. Nimekitoa leo. Ukiingia utaona palivyobaki peupe, usishtuke.

Mwaka uliofuata ndipo babu yako alipopata kiharusi. Unakumbuka alikuwa mwalimu, hajawahi kuoa tena tangu mkewe afe, na watoto wake wako mbali. Yeye ni mdogo wa baba yake marehemu baba yako, kwa hiyo kwako ni babu na kwangu ni baba mkwe. Ukoo ukakaa kikao, wakasema, "Mama Rehema si anafanya kazi makao? Mzee apelekwe huko, atakuwa mikononi mwake." Mikononi mwangu! Mkwe! Na mimi nikaitikia, eti niseme nini.

Wewe umekulia mjini, mambo haya unayasikia kwa mbali. Mimi nimelelewa Newala na bibi yako, na unamjua bibi yako. Nilifundishwa unyagoni kwamba mkwe hata njia unampisha. Humwiti jina, huketi kitandani kwake, hunawi mbele yake. Uchi wake? Hilo halikuwa hata la kufundishwa, maana nani angelifikiria? Nikawa namsalimia babu yako kutoka mlangoni, nimepiga goti, "Shikamoo baba," naye anajibu, "Marahaba mkwe wangu," anatazama dirishani ili nisione haya. Mwanasesere wa semina hakuwa na ukoo. Hakusalimiwa shikamoo.

Mwanzoni hapakuwa na shida, kwa sababu wazee wa kiume walikuwa wa Saidi. Saidi alikuwa mhudumu mwenzangu, mtu wa Chiwata, mpole, mcheshi, mikono kama majembe. Ndiye aliyemwogesha babu yako na kumgeuza. Zamu ya Saidi ikiisha, babu yako ameshalala ubavu, amepakwa mafuta, ameridhika. Ukija kutoka shule unapanda kitandani na daftari lako, anakuuliza, "Mke wangu, saba mara nane?" Ukikosea anakuambia atakupa talaka. Ulikuwa unacheka mpaka wazee wengine wanagonga fimbo sakafuni.

Halafu korosho zikaiva. Kila mwaka ni vivyo hivyo, ukija msimu wa korosho kila mwenye mikorosho anaaga kazi, na Saidi alikuwa na mikorosho yake Chiwata. Alinikabidhi wazee wa kiume, akaniambia, "Mama Rehema, yule mwalimu usimsahau mgongo." Nikamjibu, "Nenda tu, mimi ndiye mwenye cheti." Tukacheka wote wawili.

Sasa sikia nilivyofanya. Niliingia na beseni la maji ya vuguvugu na taulo, nikamwekea karibu na mkono wake mzima, nikasema, "Baba, jifute," nikageukia ukutani. Yeye akajifuta pale alipofika: kifua, tumbo, shingo. Mgongoni hakufika. Kumgeuza, nilimshika begani juu ya shuka nikamsukuma kidogo, naye akashikilia lile shuka kwa mkono mmoja asije akafunuka mbele ya mkwewe, na mkono ule ndio ungemsaidia kugeuka. Basi tukawa tunaheshimiana hivyo. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu.

Kulikuwa na fomu ya kugeuza, yenye vyumba vya saa mbili mbili, unaandika "amegeuzwa, ngozi nzuri" na kutia saini. Nilizijaza zote. Ijumaa mchana nilikaa jikoni nikajaza wiki nzima kwa mkupuo mmoja, nikibadilisha kalamu ya bluu na nyeusi ili ionekane ni saa tofauti. Rehema, nilibadilisha kalamu. Mtu anayekosea kwa kutojua habadilishi kalamu.

Siku moja aliniambia, "Mkwe, mgongo unawasha kidogo." Mtu mzima yule, mwalimu wa miaka yote ile, alijikaza mpaka akasema hilo mbele yangu. Nikamjibu, "Pole baba, ni hili joto," nikamletea poda ya watoto ajipake. Ajipake vipi? Kwa mkono upi? Nimeiwaza ile poda kuliko nilivyomuwaza baba yako, Mungu anisamehe.

Halafu ikaja siku yako.

Sijui kama unaikumbuka. Naomba uwe umeisahau, halafu naomba usiwe umeisahau. Ilikuwa mchana, wazee wanakula, matroni amesimama mlangoni anahesabu sahani. Ukaja mbio kutoka chumbani kwa babu, daftari mkononi, ukasema kwa sauti, "Mama, babu ananuka. Ananuka kama panya aliyefia darini."

Nilikupiga kofi. Mbele ya watu wote. Sikuuliza ananuka wapi, sikuuliza tangu lini. Nilikupiga kofi la kwanza kwa sababu ya aibu, na la pili kwa sababu na mimi nilikuwa nimeisikia harufu ile tangu juzi yake, nikajiambia ni choo. Nikakuburuta hadi kitandani, nikasema, "Mwombe babu radhi! Mtoto huna adabu!" Ukapiga magoti, kamasi zinakutoka, ukaomba radhi. Na babu yako akasema, "Mwache, mkwe. Hajakosea mtoto."

Nilidhani anakutetea kwa upole wake. Loo, nilivyokuwa mjinga! Yule mzee alikuwa ananiambia. Mkwe mtu mzima hawezi kukuambia, "Nifunue unitazame." Alilitumia neno lako, kwa sababu neno lake mwenyewe lilikuwa limekwisha.

Saidi alirudi Jumapili, amebeba ndoo ya mabibo, matunda ya mikorosho yake, kuwaletea wazee. Akaingia kumsalimu mwalimu wake kwanza. Nilikuwa uani naanika mashuka nikamsikia anafunua, kisha akatoka akatapika ukutani. Akanigeukia, macho yamemtoka, akaniambia, "Mama Rehema, wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa palepale, mwanangu.

Tulimkimbiza hospitali ya Mkomaindo. Muuguzi aliniuliza kidonda kina muda gani, nikasema nimekiona juzi. Hata hapo, walipomfunua kumsafisha, niligeuza uso. Alikaa siku tisa, homa haishuki, na siku ya tisa asubuhi akauliza kama mke wake amekuja kutoka shule. Ni wewe huyo. Nilikuwa nimekuzuia usije, nikisema hospitali si pa watoto. Niliogopa ungesema tena.

Msibani ulikuwepo, na nadhani unakumbuka watu walicheka, ukaniuliza kwa nini watu wanacheka babu amekufa. Nikakuambia ni watani. Sasa nikuambie walichocheka. Mtani wa ukoo wetu ni Damasi, yule mlinzi wa getini pale makao, ndiye aliyemwosha maiti, maana kazi hiyo ni ya watani. Akatoka pale amejivika gauni la kike kama wafanyavyo, akapaza sauti, "Nyie watu wa haya nyie! Mzee mmemwonea haya akiwa hai, sisi watani mkatuacha getini! Mmengoja aoze ndipo mtuite tuje kumtazama mgongo!" Watu wakavunjika mbavu. Ndiyo utani wenyewe, mtani anasema lolote na hakasirikiwi. Mimi peke yangu sikucheka. Mpaka leo sijui kama Damasi alikuwa anatania.

Maana ilikuwa kweli. Kutoka getini hadi kitanda cha babu yako ni hatua ishirini. Mtani hana haya na mzee wetu, anaweza kumfunua, kumgeuza, kumwambia ana makalio ya mbuzi, na mzee angecheka. Ningesimama nyuma ya pazia nikauliza, "Damasi, unaona nini?" Dakika tano. Mila ileile iliyonifunga mikono ilikuwa imeweka mtu wa kunifungulia, amekaa kwenye kigoda, anasikiliza redio. Sikumwita kwa sababu kumwita kungekuwa kusema siwezi, na mimi nilikuwa na cheti.

Wakaja maofisa kuuliza. Wakaomba fomu. Fomu zilikuwa zimejaa, safi, kila saa mbili. Wakamsifu matroni kwa kutunza kumbukumbu. Matroni alinitazama mara moja tu, akafunga faili. Saidi hakurudi kazini, aliniacha na siri yangu akabaki na korosho zake. Na mimi, je? Mimi nilipandishwa. Nilipelekwa Newala kuwafundisha wahudumu wengine, na mwanasesere yuleyule, mkono begani, mkono nyongani. Miaka minne nilipanda ile milima na lile lidude la plastiki kwenye kiroba. Zile safari ulizokuwa unaniombea Mungu nifike salama, ndizo hizo.

Siku moja huko Newala, msichana mmoja mhudumu alinyoosha mkono. Mdogo tu, labda kama wewe sasa. Akauliza, "Mwalimu, na kama huyo mzee ni mkwe wako?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nikasema, "Haya jamani, tuendelee na somo." Yule msichana akakaa chini, akainamia daftari lake. Katika mabaya yangu yote, nadhani hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu babu yako nilimpoteza kwa woga, lakini yule msichana nilimnyamazisha nikiwa najua jibu. Wakwe wangapi wamelala vitandani huko juu, sijui. Niliacha kufundisha mwaka ule, nikasema magoti yananiuma.

Sikuacha kazi, hilo umeliona. Nilirudi vitandani. Nilichojifunza ni kidogo sana, na ungekuwa unasoma kwa ajili ya mtihani kisingekusaidia. Nilijifunza kupiga hodi. Naingia nasema, "Hodi, mama, naomba nitazame mgongo wako." Kuna bibi mmoja alinijibu, "Karibu, ila usikae sana, hakuna viti." Na akija mzee nisiyeweza kumfunua, namwita Damasi kabla beseni halijapoa. Ameshazoea. Anakuja akilalamika kwamba hatumlipi, anamtania mzee, anamfunua, mimi niko nyuma ya pazia nauliza. Hatujawahi kuzungumza habari za msiba ule, mimi na yeye.

Lakini siyo hayo yaliyonikalisha hapa mezani. Huko chuoni watakufundisha vizuri kuliko mimi, watakuonyesha na mwanasesere wa kisasa zaidi. Kilichonikalisha ni wewe.

Mwaka jana nilipika samaki waliokuwa wameharibika, nakumbuka vizuri. Nilikuwa na mafua, sikusikia kitu. Ukala. Ukala sahani nzima, ukasema, "Asante mama," ukaenda nyuma ya nyumba ukatapika. Nilipokuuliza ukasema, "Nilijua, ila sikutaka kukuaibisha." Rehema, majirani wananisifu kila siku, "Mtoto wako ana adabu, hana neno." Ndiyo, huna neno. Ulikuwa nalo. Ukiwa na miaka tisa, katika jengo lenye matroni, na fomu, na mimi mwenye cheti, ni mtu mmoja tu aliyefanya kazi ya mhudumu siku ile. Alinusa, akasema, kwa sauti, palepale. Na mimi nilimpiga mpaka akaacha.

Kesho unapeleka adabu hiyo kwenye vitanda vya watu. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, wala si basi, wala si mji mgeni. Utamkuta mkubwa wako wa kazi amejaza fomu kwa kalamu mbili. Utanusa kitu. Na utanyamaza ili usimwaibishe, kwa sababu mama yako alikufundisha kwa kofi kwamba ndivyo mtoto mwema anavyofanya. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema hivyo tangu utotoni, lakini aliyeumbuliwa pale hakuwa mimi. Alikuwa mzee aliyelala akashika shuka.

Sikuombi unisamehe leo. Watoto wake babu yako pia hawajui, na nimeshaamua kuwaandikia wiki hii. Ukitaka kuwaambia mwenyewe kabla yangu, una haki. Ukiamua kesho kwenda stendi bila mimi, nitakuelewa, sitakwenda kusimama nyuma ya duka kukuchungulia. Naweza nikaenda. Lakini nitajaribu nisiende.

Nilitaka kuiweka barua hii ndani ya begi, uisome ukiwa umeshavuka mto, mbali na uso wangu. Nimeikunja mara mbili nikaiingiza kati ya kanga zako, kisha nikaitoa. Ningekuwa nageukia ukutani tena. Nimeiweka juu ya begi, utaiona ukifungua mlango, na ming'oko, vile viazi vya porini vya bibi yako, ikiwa bado mkononi.

Nisamehe kofi lile, mwanangu. Hukukosea. Babu alinuka, na ulisema kweli tupu.

Nitakuwa jikoni, hatua kumi tu kutoka hapo uliposimama. Ukimaliza kusoma, njoo useme unachokiona kwangu, kama ulivyosema siku ile, kwa sauti, hata kama majirani watasikia. Sitakupiga.

Mama yako